Tonton Égide na Gari la Pacifique

"Tonton, haya magari unayalinda yasichukuliwe na nani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba au minane. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti tupu ya maziwa pembeni mwa uwanja wa kupaki magari, nakula mkate, naye alikuwa anamwongoza mama mmoja arudishe gari nyuma, anapunga mikono miwili kama mtu anayeita kuku wake jioni. Alinigeukia akacheka mpaka kofia ikamshuka machoni. Akafungua mdomo anijibu. Gari jingine likaingia, akakimbia kuliwahi, na mimi nikaendelea na mkate wangu.

Nikiwaambia wenzangu shuleni kwamba nimekulia kwenye paki ya magari wanadhani natania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu anasuka nywele katika saluni moja Rosettenville, Johannesburg, na ng'ambo ya barabara kuna senta ya maduka: supamaketi, duka la dawa, duka la viatu, mahali pa kuku wa kukaanga, na mbele yake uwanja mpana wa lami wenye mistari myeupe. Nikitoka shule nilikuwa nakaa saluni mpaka Mama amalize kazi. Saluni ikijaa, na wakubwa wakianza maneno yao ya kikubwa, nilikuwa nafukuzwa. "Nenda kwa tonton," Mama anasema. Kwetu Warundi, na kwa Wakongo pia, kila rafiki wa wazazi ni tonton. Huyu wa kwenye paki alikuwa Tonton Égide.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kizibao chake cha manjano cha kung'aa kilimfikia juu ya kitovu tu, kana kwamba alipewa cha mtoto. Hakuwa na mshahara. Walinzi wa magari wa aina yake, na wengi wao ni wakimbizi kama sisi, wanaishi kwa sarafu anazotoa dereva wakati wa kuondoka, akipenda. Asipopenda unampungia mkono vile vile. Tonton alikuwa na rundo la makaratasi magumu ya maboksi, na siku za jua kali alikuwa anayalaza juu ya vioo vya mbele vya magari ili usukani usije ukamchoma mwenye gari akirudi. Hakuna aliyemtuma. Watu hakuwajua kwa majina, aliwajua kwa magari. Kulikuwa na Polo Nyekundu, ambaye alikuwa mwalimu. Kulikuwa na Bakkie ya Mbwa, mwenye pikapu yenye mbwa nyuma. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kireno tuliyemwita Dona, aliyekuwa akimletea mkate wa moto na kumgombeza kwa Kireno, naye anamjibu kwa Kirundi, na wote wawili wanaondoka wameridhika.

Maisha yake niliyadokoa kipande kipande, maana nilikuwa mtoto wa maswali. Alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, ambako baba yake alikamua mafuta ya mawese, na yeye akiwa kijana alikuwa anafunga madumu ya mafuta kwenye baiskeli na kuyapeleka Bujumbura. Nilimuuliza kama alianguka. Akasema alianguka mara moja, mafuta yakamwagika barabarani, na pikipiki zote zilizokuja nyuma yake zikaanguka pia, ikawa kama harusi. Mambo ya vita hakuyasimulia. Alipita kambini Tanzania, akapita Msumbiji, akafika Johannesburg na namba moja ya simu kwenye kiatu. Namba hiyo ilikuwa ya Pacifique.

Pacifique na Tonton walizaliwa mtaa mmoja. Alikuwa ametangulia kufika, ameoa, ana nyumba ya vyumba viwili hapa Rosettenville na Corolla kuukuu ambayo zamani ilikuwa nyeupe, aliyotumia kupeleka watoto shule asubuhi na kuwarudisha mchana. Mimi mwenyewe nilipanda humo, magoti yangu yamebanwa na mabegi ya wenzangu. Pacifique alimpa Tonton kona ya sebule nyuma ya pazia, na kona hiyo ikawa kwake miaka yote. Mke wa Pacifique aliitwa Godelieve. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, na mihogo kwa wenye hamu ya chakula cha nyumbani, na kila jioni alikuwa anaacha sahani ya Égide imefunikwa kwa sahani nyingine. Alikuwa anasema shemeji yake huyu hana mke kwa sababu hakuna mwanamke anayeweza kuoana na uwanja wa magari.

Pacifique akija kupaki pale, wale wawili walikuwa hawasalimiani, wanatukanana kwanza.

"Mkurugenzi," Pacifique anasema, "umenitengea kivuli?"

"Kivuli cha nini? Gari hili mwizi akiliona atakusaidia kulisukuma."

Mimi nilikuwa nacheka, hata nilipokuwa sielewi.

Kwa miaka mingi kila mtu alipaki pale. Wateja wa Mama walipaki pale wakavuka kuja saluni, na wakirudi wananunua maziwa au kuku, na hakuna aliyelalamika. Kisha nikiwa na miaka kumi na miwili senta ikaikabidhi paki kwa kampuni binafsi. Kikawekwa kibao juu kabisa ya nguzo ya kuingilia, maandishi madogo, mahali ambapo dereva anaangalia tuta la barabarani asivunje bampa. Kibao kilisema paki ni ya wateja walio ndani ya senta, na atakayeondoka eneo hilo gari lake litafungwa au litaondolewa kwa gharama yake. Walinzi wa magari hawakuulizwa lolote. Waliambiwa tu kwamba kuna watu wa utaratibu wanakuja.

Watu wa utaratibu walikuja na chuma cha manjano cha kufunga gurudumu. Wa kwanza tuliyemjua kufungwa alikuwa Dona. Alikuwa ametoka kununua mkate ndani ya senta, akavuka barabara kumpelekea dada yake kipande cha keki, akarudi akakuta chuma. Mkate ulikuwa mkononi na risiti yake imo ndani ya mfuko. Tonton aliichukua ile risiti akawaonyesha, akawaonyesha tena, akasema mama huyu ni mteja kabla hata senta haijapakwa rangi hii. Wakamwambia alivuka. Dona alilipa faini akilia, na tangu siku hiyo akawa ananunua mkate mahali pengine.

Kwa hiyo Tonton sheria aliijua. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye wapo waliosema hakuijua. Alikuwa anawaonya wote anaowafahamu: ukipaki hapa usivuke, ukitaka kuvuka ondoka na gari lako.

Mwezi wa saba mwaka ule, baridi ikiwa imekaza na shule zimefungwa, Godelieve akaumwa tumbo. Wakamlaza hospitali, wakamfanyia operesheni, na Jumapili akafa.

Sijui kwa wengine, lakini kwetu mtu akifa huku ugenini kazi kubwa ni kumrudisha. Watu walikaa nyumbani kwa Pacifique kila siku, kanisa likachangisha, Wakongo wa mtaa wa pili wakachangisha, mpaka ikapatikana nafasi ya kumsafirisha kwa ndege hadi Bujumbura. Kaka yake Godelieve, Aloys, alikuwa na karatasi zilizomruhusu kusafiri naye. Pacifique hakuwa nazo. Alikuwa mkimbizi, na mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia amejifutia ukimbizi wake mwenyewe. Angemsindikiza mkewe mpaka mochwari tu. Pale wangeomba, angemtazama, jeneza lingefungwa kabla ya saa sita mchana, na gari la mizigo lingempeleka uwanja wa ndege. Baada ya hapo hangemwona tena, wala kaburi lake hangeliona.

Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa nguo. Godelieve alikuwa na imvutano yake, ile mivao ya heshima ya wanawake wa Kirundi inayofungwa begani, ya rangi ya dhahabu, aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Pacifique alitaka arudi kwao ameivaa. Kule Rumonge wangelifungua jeneza, mama yake angeangalia, na bila kuambiwa neno angejua kwamba mtoto wake alikuwa na mume. Aliipiga pasi mwenyewe. Mama alijitolea amsaidie, akakataa. Akaikunja ndani ya sutikesi pamoja na viatu, shanga na kitambaa cha kichwa.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Ndiye aliyemsuka Godelieve miaka yote, na Pacifique alimwomba amsuke mara ya mwisho. Ndiyo maana asubuhi ile alikuja kumchukua saluni.

Barabara ya saluni ilijaa teksi, zile daladala za huku, hapakuwa na pa kusimama. Nilikuwa dirishani, nikamwona akiingia senta polepole, na Tonton Égide akimjia. Hawakutukanana. Waliongea kupitia dirisha la gari. Nilichokuja kuambiwa baadaye ni kwamba Pacifique alimuuliza, na hawa watu wa chuma je? Tonton akamwambia, leo ni msiba, nani atagusa gari la msiba? Nenda, mimi nipo hapa. Pacifique akamwambia kilichomo kwenye buti. Tonton akavua kofia, akaenda kusimama nyuma ya gari, mikono mbele, kama watu wanavyosimama kanisani.

Pacifique alivuka bila sutikesi. Mama alimuuliza mbona hakuja nayo, wangeitazama kama haijakunjamana. Akasema mama yake alimfundisha kwamba nguo ya marehemu haivuki kizingiti cha mtu mwingine, inatoka nyumbani kwake inakwenda moja kwa moja mahali alipo. Mama akasema sawa, akaingia nyuma kukusanya vitana, mafuta na uzi.

Ingekuwa jambo la kuingia na kutoka. Lakini mfiwa akiingia mahali penye watu wa kwetu hatoki hivi hivi. Wanawake wote saluni walisimama, hata aliyekuwa kichwa nusu. Kila mmoja akampa mkono, kila mmoja akamwambia mwihangane, vumilieni. Mmoja akamvutia kiti, mwingine akamletea chai, na Mama Falonne, ambaye ni Mkongo na ni mtu wa maombi, akasema tusiondoke bila kumkabidhi dada yetu kwa Mungu. Tukafumba macho. Mama Falonne akianza kuomba hana breki. Mimi nilifumbua jicho moja nikaangalia nje.

Niliona gari dogo la kampuni limesimama pembeni mwa Corolla. Kijana mmoja, nadhifu, simu mkononi, alikuwa anaongea na Tonton. Haikuonekana kama ugomvi. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anamsikiliza. Tonton alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwetu, kwenye saluni, moja kwa moja dirishani niliposimama. Kijana akageuka akatazama saluni. Akainua simu, akapiga picha ya gari, akapiga picha ya barabara na saluni. Akamshika Tonton mkono, akamshukuru.

Nilifurahi. Nilidhani wamekubaliana.

Tulikuwa tumefika kwenye amina Tonton alipoingia akikimbia. Nyuma yake, ng'ambo, lori la kuvuta magari lilikuwa linaingia. Wiki ile walikuwa wameanza kubeba magari pia, si kufunga tu. Tonton hakuweza kuongea vizuri, alisema "Paci, Paci," akashika mlango. Walitoka wote wawili. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, teksi zikipita bila nafasi, wakasimama ukingoni kama watoto wa shule. Walipovuka Corolla ilikuwa imeshakaa juu ya lori, na lori lilikuwa linatokea geti la pili. Pacifique alilikimbilia. Alikuwa amevaa suti yake nyeusi na viatu vya kanisani. Niliona akipiga ubavu wa lori kwa kiganja mara kadhaa, kisha likaongeza mwendo, na yeye akabaki katikati ya barabara, mkono bado uko juu.

Wakubwa waligawana haraka. Mama na Mama Falonne wapande teksi waende mochwari, nywele zisichelewe, wakanichukua na mimi. Pacifique na Tonton walifuate gari. Aloys alipigiwa simu, akasema leteni nguo, sisi tunasubiri, lakini wanaosafirisha hawatasubiri.

Ya yadi, kule magari yaliyobebwa yanakopelekwa, niliyasikia baadaye, mengine kwa Pacifique mwenyewe alipokuwa anamweleza Mama, mengine kwa Tonton. Ilikuwa mbali, sehemu ya viwanda, uzio wa waya na kijumba chenye dirisha. Pacifique hakuomba gari. Aliomba afunguliwe buti tu, atoe sutikesi, gari libaki. Wakamwambia hakuna kinachotolewa kabla ya faini kulipwa, na faini inalipwa kwa kadi tu. Benki ilikuwa imeifunga akaunti yake kwa sababu kibali chake cha ukimbizi kilikuwa kimeisha muda na kipya hakijatoka. Akatoa noti alizokuwa nazo, za mchango wa msiba. Hawapokei noti. Isitoshe gari halikuwa katika jina lake, alilinunua kwa Mrundi mwenzake aliyekwenda Canada na hawakuwahi kubadilisha. Wakamuuliza basi wewe ni nani kwa hili gari?

Tonton alisogea dirishani na kizibao chake. Akasema mimi ndiye niliyemwambia apaki, kama kuna kosa ni langu, nifungeni mimi. Mwanamke wa dirishani akamuuliza yeye ni mfanyakazi wa kampuni gani.

Aloys alikuwa anapiga simu. Pacifique akamjibu subirini kidogo, subirini kidogo, bado anaamini kwamba atatokea mtu mwingine mwenye ufunguo na moyo. Tonton alimwambia, Paci, acha nguo, twende ukamwone. Pacifique akasema, "Nitamwonaje bila nguo zake?"

Mochwari mimi niliwekwa kwenye benchi la nje, lakini mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia Mama akiongea na Godelieve wakati anamsuka, kama alivyokuwa akiongea naye saluni, anamwambia geuza kichwa kidogo, hivyo, sasa huku. Walimaliza. Wakasubiri. Mtu wa mochwari akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, mara ya tatu alisimama tu mlangoni. Godelieve alikuwa amefunikwa shuka la hospitali.

Ndipo wanawake wakaanza kuvua. Sijui nilielezeje. Mama Falonne alikuwa amevaa kitenge cha buluu, akakifungua akabaki na sketi ya ndani na koti. Mwanamke mwingine akatoa blauzi, akafunga sweta mpaka shingoni. Mama akavua soksi zake, kwa sababu ilikuwa baridi na miguu ya Godelieve ilikuwa wazi. Walimvisha wakiimba kwa sauti ya chini, wimbo unakatika, unaanza tena. Nilipoona jeneza likipita mbele ya benchi langu lilikuwa limeshafungwa.

Pacifique alifika gari lenye jeneza likiwa limeondoka. Alishuka kwenye teksi na Tonton nyuma yake, akamwona Mama amesimama uwanjani miguu mitupu ndani ya viatu, akaelewa. Alikwenda akakaa kwenye lile benchi, mahali nilipokuwa nimekaa mimi, na Tonton akabaki amesimama mbali karibu na geti. Hakusogea mpaka tulipoondoka.

Siku chache baadaye simu ilipigwa kutoka Rumonge. Watu walikuwa bado wanakaa msibani, na Pacifique aliweka simu mezani kwa sauti ili wote wasikie habari za mazishi. Aloys akaeleza, watu walikuwa wengi, mvua haikunyesha. Kisha mama mkwe akaomba simu. Alisalimia wote kwa zamu, akashukuru. Halafu akauliza, taratibu kabisa:

"Pacifique, mwanangu alikuwa amevaa nguo za nani?"

Tulimtazama Pacifique. Akainuka akatoka nje, simu ikabaki pale mezani, mama wa watu akisema alo, alo. Ni Mama yangu aliyeichukua akajaribu kueleza. Lakini wewe utaelezaje mambo ya paki na kibao na kadi kwa mama aliyeko Rumonge? Ukiyasema kwa sauti, yanageuka visingizio.

Nyuma ya pazia lake Tonton Égide alikuwa anasikia yote.

Gari lilipatikana baadaye, baada ya karatasi nyingi na aliyeko Canada kuandika. Sutikesi ilikuwa bado kwenye buti, nguo haijakunjamana. Pacifique hakumlaumu Tonton hata siku moja. Nilimsubiri amlaumu. Nilifikiri akimpigia kelele mara moja, watarudi kutukanana kama zamani. Badala yake alikuwa anamsalimia vizuri, kama unavyomsalimia mgeni, na hilo nadhani ndilo lililomvunja.

Kisha lile la soda. Kesho yake tu baada ya jeneza kuondoka, Tonton alikuwa amerudi kazini kwa sababu hakujua aende wapi kwingine. Yule kijana nadhifu akashuka kwenye gari lake na kopo la soda baridi, akampa mbele ya walinzi wenzake, akamwambia asante kwa msaada wa jana, baba, ukiona wengine wanavuka utuambie. Hakuwa na ubaya usoni. Walinzi wenzake walisikia. Kabla ya Jumapili maneno yalikuwa yamefika kanisani: Égide anakula na watu wa chuma, Égide aliuza gari la msiba. Cédric, Mkongo aliyelinda upande wa supamaketi, alimuuliza waziwazi mbele ya watu anapewa ngapi kwa gari. Tonton alivua kile kizibao kifupi, akakitundika kwenye reli ya matoroli, akaondoka. Pacifique alimwambia abaki nyumbani. Akamwambia hivyo mara moja, hakurudia, na mwisho wa mwezi kona ya sebule ikawa tupu.

Nimemwona tena mwaka huu. Niko darasa la kumi na moja sasa, na Jumamosi nilikwenda mjini na Mama kununua nywele za kusukia kwenye maduka ya jumla. Tulitoka na mafurushi mengi, Mama akaita mtu wa mkokoteni. Aliyegeuka alikuwa Tonton Égide. Amezeeka. Ndevu zimeingia mvi, na mikono imekuwa minene kwa kusukuma. Mama alimkumbatia pale pale njiani, watu wanatupita. Akamwambia Pacifique huwa anamuulizia. Tonton akasema, "Namshukuru," basi.

Alitusukumia mzigo mpaka rank, kituo cha teksi. Njiani alikuwa ananiuliza shule, hesabu, kama bado nakula mkate mkavu. Mama alikwenda kutafuta foleni ya Rosettenville, nasi tukabaki tunalinda mafurushi. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa dirishani, kwamba niliona, kwamba hakuuza chochote. Yeye alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya mkokoteni anatazama teksi zinavyobanana.

"Ulinipa swali siku moja," akasema. "Magari nayalinda yasichukuliwe na nani. Sikukujibu."

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilimwambia, Tonton, nilikuwa mtoto tu.

"Swali zuri. Nimekaa nalo." Alisukuma furushi moja lililotaka kuanguka, akalishikilia. "Yule kijana aliniita baba, Ariane. Akaniuliza mwenye gari yuko wapi. Mimi nikaona, nikimwambia kuna msiba, atavua kofia. Mtu gani asiyejua msiba? Nikamwonyesha na mlango wa saluni, ng'ambo. Sasa wewe uliniuliza yasichukuliwe na nani. Yasichukuliwe na huyo. Lakini huyo hana alama ya kumtambua, mwanangu. Anakuuliza kwa adabu, na wewe unamjibu."